Dada Yangu Alipochaguliwa Dawa na Kifungo

Kwako Mama Marcella,

Nisaidie kabla nyumba yangu haijavunjika. Mimi ni Aoko, kwetu ni upande wa ziwa lakini tunaishi karibu na Sotik, mume wangu Phelix ni daktari wa usingizi katika hospitali ya huku, yaani yeye ndiye anawapa watu ganzi kabla ya kupasuliwa, na dada yangu Jerusa, ambaye alinilea baada ya mama kufariki, anachuma majani chai hapa hapa. Mwezi wa Juni mvua ilikuwa imenyesha, Jerusa akateleza kwenye mteremko na kikapu mgongoni, mguu ukavunjika vibaya, wakasema lazima apasuliwe.

Sasa Mama, wakati huo hospitali ilikuwa inafanya utafiti, kwa sababu ile dawa ya ganzi ya mgongo ina vipimo viwili, kidogo na kikubwa, na kidogo wakati mwingine kinaisha kabla kazi haijaisha, na kikubwa wakati mwingine kinashusha presha mpaka mgonjwa anatapika na kutetemeka, na hakuna daktari anayejua kwa hakika kipi ni bora. Basi kwa kila mgonjwa aliyekubali, sista Nyamwange anaingiza mkono kwenye kopo bila kuangalia, ndani mna vifungo vitatu vya shati, vyeupe ni vya kipimo kidogo na vyeusi ni vya kikubwa. Kama waliopata kidogo ni wachache, anaweka vyeupe viwili na cheusi kimoja, na kama wachache ni wa kikubwa anageuza, na wakiwa sawa anabakiza viwili tu, kimoja cheupe na kimoja cheusi. Hivyo makundi hayaachani sana lakini hakuna mtu anayeweza kusema ni kifungo gani kitatoka. Yeye ndiye anajaza sindano, zote zinaonekana sawa, hata Phelix hajui ndani mna kiasi gani.

Nilimwambia Phelix, "Huyu ni kama mama yangu. Mwambie sista ampe kikubwa, asiumie."

Akaniambia, "Aoko, nikimchagulia Jerusa kwa sababu ni shemeji yangu, kesho karani wa hospitali atataka nimchagulie mke wake, na wale wasio na mtu hospitalini ndio watabaki na kile tunachokiogopa. Hapo hatutajua kitu."

Akaenda kwa Jerusa, akamweleza polepole kwa Kijaluo, akamwambia anaweza kukataa kopo na atatibiwa vile wagonjwa wametibiwa siku zote. Jerusa aliuliza jambo moja tu: "Shem, ukiona naumia, utaniacha?"

"Sitakuacha."

"Basi kifungo kichague."

Kikatoka cheupe, na mguu ukiwa bado wazi ganzi ikaanza kuisha, Jerusa akashtuka. Sista ananiambia Phelix alikuwa amekaa kichwani pake, anamwangalia uso tangu mwanzo, na kabla hajalia vizuri tayari alikuwa amemwekea dawa ya mshipa, akalala mpaka mwisho. Mfupa umeunga, anatembea na fimbo, na Mama, mimi sijawahi kuona mtu anayeshika neno lake kama mume wangu.

Lakini kaka yetu Ogola amekuja kutoka nyumbani na wajomba, anasema Phelix amemchezea dada yetu kamari, ati nirudi kwetu mpaka Phelix aje kuomba msamaha. Anazunguka akiwaambia watu, mpaka jirani yetu mzee Kiplangat, ambaye ana ngiri, amekataa kupasuliwa. Phelix hajibu kitu. Na mimi namheshimu, lakini nikifikiria jinsi Jerusa alivyoshtuka kwenye meza ile, moyo unachemka. Je, nimfuate kaka au nibaki?

Aoko, Sotik

JIBU

Aoko, pole kwa yaliyompata dada yako. Sasa keti tuongee.

Hutarudi popote. Mcheza kamari anatafuta faida. Niambie, mumeo alipata faida gani? Alikuwa na nafasi ya kuwapendelea watu wake, akaiacha, halafu akakaa kichwani pa mgonjwa akimlinda. Waume wa namna hiyo hawajai sokoni. Moyo wako kuchemka si kosa, aliyeumia ni mlezi wako. Lakini usiuache uchemke mpaka uunguze nyumba.

Nakugombeza kwa jambo moja. Barua yako ndefu imeniambia anavyosema kaka, wanavyosema wajomba, anavyosema sista. Tangu Jerusa atoke hospitali umemsikia akisema nini? Mguu ni wa nani? Waite wote Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwa Jerusa, si kwako, na yeye aongee kwanza. Ogola asimkatize.

Phelix naye ana makosa yake. Kunyamaza kwake kumemwachia Ogola uwanja. Aende Jumapili hiyo, awaeleze shemeji zake kama alivyomweleza Jerusa, na amwambie Jerusa pole mbele ya watu. Kumpa mtu pole si kukubali kwamba umemkosea.

Lakini usingoje Jumapili kwa huyo mzee. Ngiri inaweza kukaza ghafla ikamuua. Leo hii nenda na mumeo kwa Kiplangat, mumwambie ana ruhusa ya kukataa kopo bila kukataa kupasuliwa. Hayo ni mambo mawili, na kaka yako ameyachanganya.

La mwisho. Umeniandikia kwamba hujawahi kuona mtu kama mume wako. Nimefurahi, lakini mimi nitafanya nini na maneno hayo? Leo akitoka kazini, kabla hajavua viatu, mwambie yeye.