Mume Wangu Anataka Nisaini Kwamba Ndege Ameitengeneza Yeye

Mpendwa mshauri, naomba unipokee na uchovu wangu kama ulivyo maana sina nguvu ya kuupamba, nimetoka kazini sasa hivi, mimi ni mfuaji na mpiga pasi wa mashuka ya hospitali, nasimama kutwa, na nikifika nyumbani naingia ubavu ubavu kwa sababu kwenye korido yetu kuna bawa la ndege. Sisemi kwa mafumbo. Ni bawa la ndege, la kushoto, refu kuliko korido yenyewe, ncha yake inaingia jikoni na tumeifunga taulo ili watoto wasijigonge. La kulia linaning'inia sebuleni juu ya kochi, na kiwiliwili kiko uani chini ya turubai. Mama mkwe alipokuja kutusalimia aliuliza kitanda kirefu hivyo kanunuliwa nani, mume wangu akacheka mpaka akakohoa, mimi nikaenda bafuni nikalia.

Mume wangu ni fundi majokofu na ni mtu mwema, sikuandikii kumsema vibaya, hana makuu, ila tangu nimjue ndege ikipita juu lazima asimame aitazame hata kama amebeba mfuko wa nyanya na mimi nimeshafika mbali naongea peke yangu. Amejifunza kurusha ndege ndogo kwenye klabu moja ya marubani, leseni anayo, hilo silipingi. Basi akasikia kuna mzee mmoja, fundi redio mstaafu, alikuwa anajijengea ndege nyumbani kwake, ya mbao na kitambaa, ya watu wawili, akaishia njiani na sasa anaiuza. Tukaenda. Mabawa yote mawili mzee alikuwa ameshayamaliza na kuyavalisha kitambaa, kilichobaki kilikuwa kiwiliwili, mkia na injini. Mume wangu akalipapasa bawa akasema, “Mzee, mikono yako ibarikiwe,” mzee akatazama chini, mimi nikadhani ni unyenyekevu, tukapakia kila kitu kwenye lori tukaondoka, na tangu hapo jina langu mtaani ni Mama Ndege.

Sasa ameimaliza, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Ndege hairuki bila kusajiliwa, na kwenye fomu ya usajili wanauliza nani ameijenga. Mume wangu akaandika: Nimeitengeneza mwenyewe nyumbani. Ofisa wa usajili, dada mmoja mpole, akaelewa kwamba ndege nzima tangu ubao wa kwanza ni kazi yake, akamwambia vizuri tu, basi tuletee picha za ujenzi hatua kwa hatua, na za ndani ya mabawa kabla hayajafungwa, na kama picha huna, lete maelezo ya mtu aliyekuona ukijenga, ayasaini. Mtu mwenyewe ndiye mimi.

Nikamuuliza, “Kwa nini usiwaambie tu kwamba uliinunua imeishia katikati?”

“Nikisema nimenunua, watasema si yangu.”

“Lakini hapa umeandika uongo.”

“Uongo uko wapi? Nimeitengeneza, sijaitengeneza?”

“Baba, yule fundi anayenitengenezea pasi hajawahi kusema kwamba pasi ameiunda yeye.”

Akaikunja ile fomu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo na wewe unaniona mimi ni mpachika vipande,” akalala amegeukia ukutani, na kusema kweli iliniuma, kwa sababu nimemwona akifanya kazi na najua alivyojinyima.

Mshauri, nikafanya jambo asilolijua. Nilimpigia simu yule mzee nimwombe aandike maelezo yake, nikidhani nikimletea mume wangu karatasi mkononi atalainika. Nikamwamkia, akaitika, na kabla sijasema shida yangu akauliza, “Imeruka?”

“Bado, mzee. Wanataka kujua mabawa yalijengwa vipi kwa ndani.”

Nikasikia akivuta kiti na kukaa. Kisha akasema, “Binti yangu, la kulia halina neno. Hilo nililijenga nikiwa mzima. La kushoto, mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Zile mbavu zake za ndani, mbao zinazobeba kitambaa, nilizipiga gundi huku nimeegemeza viwiko mezani, na zile za mwisho mwisho sijui zilishika vipi. Nilitaka kulifungua nilirudie, mikono ikakataa.”

“Mbona hukutuambia, mzee wangu?”

“Aibu, mwanangu. Mtu anakuja na furaha yake, anakusifia mikono, utamwambiaje kwamba hiyo mikono ndiyo imekukimbia?”

Nimekaa na maneno hayo, sijamwambia mume wangu, na sababu ndiyo inayonitesa zaidi, kwa maana ningesema namwonea huruma ningekuwa nakudanganya. Nimechoka. Namjua mume wangu, akisikia atachana kile kitambaa, atafungua bawa lote aanze upya ubavu mmoja mmoja, na mimi nitapita ubavu kwenye korido yangu mpaka nizeeke. Nikisaini, ndege inatoka nyumbani kwangu, korido inabaki korido, na watoto wanakula mezani kama watoto wa watu. Kuna saa najiambia mzee ni mwoga tu, gundi itakuwa imeshika. Kuna saa nakunja shuka kazini, nafikiria nani atalazwa juu yake, nalikunjua naanza kulikunja upya. Halafu binti yetu mkubwa naye ameshakidai kile kiti cha pili, ameandika jina lake kwa penseli chini yake, baba yake ameliona na hajalifuta.

Naomba uniambie, nisaini yaishe, au niseme yaanze upya?

Mimi Mama Ndege, kama mtaa unavyoniita.

MSHAURI ANAJIBU:

Mama Ndege, kaa chini kwanza. Pole kwa kusimama kutwa, pole kwa korido, na pole kwa kitanda cha mama mkwe, ambacho nimekicheka na naomba radhi. Nyumba ni ya watu kuishi, na mumeo alitakiwa akuulize kabla hajaigeuza karakana. Nalisema mapema na kwa sauti, maana najua gazeti hili naye atalisoma.

Sasa nikugombeze. Barua yako ni ndefu na nimeisoma yote, kila nikigeuka nakutana na korido, lakini neno kuanguka hukuliandika hata mara moja. Umelipitia ubavu kama unavyolipitia hilo bawa. Basi nalitaja mimi. Gundi ikiachia huko juu, mumeo ataanguka, na aliyekaa kiti cha pili ataanguka naye. Unalijua hilo, ndiyo maana shuka moja unalikunja mara mbili. Una haki ya kuchoka, tena ya kuchoka sana, lakini mlango unaotaka kuutumia kuukimbia uchovu wako ni huo, na mimi siwezi kukufungulia.

Usisaini. Hukumwona mtu akijenga bawa lile. Ulichokiona ni bawa likipakiwa kwenye lori, na mtu husaini alichokiona.

Mzee naye simwachi. Mzee wangu, aibu yako naielewa, ila umeiuza pamoja na bawa na mnunuzi hakujua anachonunua. Umesema kwa mke, sasa mwambie na mume.

Na wewe fundi majokofu, najua unasoma. Hili neno kutengeneza limekupa pa kujificha, toka. Nimemuuliza mtu aliyewahi kusajili ndege ya kujijengea, akacheka, akasema kununua ndege iliyoishia njiani si kosa, wanaofanya hivyo ni wengi. Ofisi inataka kujua nani alijenga kipi, kwamba wote wawili mlijenga kwa mapenzi na si kwa biashara, na kwamba mkaguzi anaweza kuona kilichomo ndani. Utaratibu kamili kakuulizie pale pale, kwa yule dada mpole. Mwambie, “Niliandika nimeitengeneza, nilimaanisha nimeimalizia.” Leo hilo ni kosa la neno tu na litasameheka. Mkeo akiliwekea saini halitakuwa kosa la neno tena. Jina lako halitafutwa, litaandikwa baada ya la mzee, na kiwiliwili, mkia na injini vitabaki kazi yako. Kama hiyo haikutoshi, basi kilichokuwa kinakusumbua siku zote hakikuwa kuruka.

Turudi kwako, mama. Mwambie mumeo aliyosema mzee, kwa maneno ya mzee mwenyewe, usiyapunguze na usiyatie chumvi. Usimwambie kwa kumkomoa. Mwambie pia kwamba ulichelewa, na kwa nini, hata lile la korido, maana asipolisikia kutoka kwako atalisoma hapa. Atafura, mwache afure, na siku ukimwona anakuzungukazunguka jikoni bila shida yoyote ujue ameshaelewa. Hapo mpigieni mzee pamoja. Akubali kuandika hati ya mauzo na maelezo ya kazi yake, na kama miguu inamruhusu aletwe akae kwenye kiti, aonyeshe kwa kidole pale asipopaamini, mumeo achane kitambaa. Mikono ya mzee imechoka lakini macho yanafanya kazi.

Halafu nawe weka sharti lako, na hili usilishushe hata robo: bawa halifunguliwi koridoni. Litoke. Litafutiwe nafasi kwenye karakana ya majokofu, kwenye banda la hiyo klabu anakorushia ndege, popote penye paa. Mtu anayeweza kujenga mkia wa ndege hashindwi kutafuta banda. Na lile jina la penseli chini ya kiti alifute yeye mwenyewe, mwanao akiona, mpaka mkaguzi aseme neno lake.

Umeniuliza usaini yaishe au useme yaanze upya. Sema yaanze upya. Korido yako itarudi kuwa pana vyovyote utakavyoamua, hilo sina shaka nalo. Angalia tu kama utabaki na mtu wa kupishana naye humo. Mwambie leo, akiwa bado anavua viatu.