Mume Wangu Anataka Kuipeleka Sauti ya Mdogo Wangu Kamatini

Jumatatu, tarehe 9. Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Mama Mkubwa mpendwa, unisamehe kuanza na hali ya hewa. Ndivyo ninavyoandika kila siku katika shajara yangu tangu nilipomaliza kidato cha nne, na leo nimeshindwa kuanza kwa namna nyingine. Naomba msaada wako, na naomba unijibu haraka ukiweza, maana jambo lenyewe lina mwisho wake Alhamisi hii. Namba yangu ya simu nimeiweka chini ya barua.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu ni mbunge. Si waziri wala si mkubwa wa chama, ni mbunge tu, ila amepangiwa Kamati ya Mambo ya Nje na kazi hiyo anaipenda kwelikweli. Mdogo wangu wa kufuatana ni mkunga. Aliolewa nchi jirani, na vita vilipoanza huko yeye na mumewe walikimbilia kambini, na sasa anazalisha wanawake katika zahanati ya kambi hiyo hiyo. Serikali yetu inapeleka pale unga, mahema na dawa. Mzigo unakabidhiwa kwa watu wa mkubwa mmoja wa kule ambaye ni rafiki wa serikali yetu, wao ndio wanaogawa.

Mwezi uliopita Waziri alifika mbele ya kamati akasema misaada inamfikia kila mtu bila ubaguzi. Mume wangu akasimama akasema si kweli, wakimbizi wa kambini waliotoka ng'ambo ya mto hawapewi. Alikuwa amesikia tu kwa watu. Mwenyekiti akamwambia, "Mheshimiwa, leta ushahidi au ufute kauli." Kikao kilikuwa kinarushwa redioni, na mimi nilikuwa kibandani na mafundi wenzangu, na sote tukamsikia akikohoa, halafu akisema, "Nafuta, Mheshimiwa Mwenyekiti." Mashine zote zilisimama, Mama Mkubwa, na hakuna aliyenitazama usoni.

Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Bwana Futa Kauli. Hata mimi nikienda gengeni muuza viazi ananiambia, "Mama Futa Kauli, bei ni ile ile, na kauli hiyo sifuti!" Mimi hucheka, nikalipa. Yeye hakucheka. Alikuwa anarudi nyumbani anakoroga chakula kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya sahani.

Basi Ijumaa iliyopita mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti. Yeye ni mcheshi tangu utoto, anaigiza watu, na safari hii alimwigiza mlinzi wa lango la ghala. "'Wewe wa wapi?' 'Wa ng'ambo.' 'Njoo kesho.' Dada, kesho ya hapa ina miguu, kila tukiifikia imeshahama! Wanawake wa ng'ambo wanasema sisi tumeolewa na kesho, na mahari hatujaiona." Nikacheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Nikajisemea, huyu ndiye atakayemchekesha mume wangu.

Tulipomaliza kula nikauweka ujumbe ule mezani, mume wangu na mama mkwe wakiwa wamekaa, mimi nikaenda kuosha vyombo. Nilikusudia kuuzima baada ya utani wa mahari, kwa sababu sehemu inayofuata si ya kuchekesha, lakini mikono yangu ilikuwa na povu mpaka viwikoni na hadi nipate kitambaa sauti ilikuwa imeshaendelea. Akasema juzi alizalisha mwanamke wa ng'ambo kwa glavu alizozifua na kuzianika, na huku maboksi ya glavu yenye bendera yetu anayaona kwa macho yake yamepangwa stoo ya pili, ya wasio wa ng'ambo. Kisha akasema, "Hii usimsikilizishe mtu, dada. Hapa sauti yangu wanaijua, mimi peke yangu ndiye ninayeongea kama nyinyi."

Mume wangu akaweka kikombe cha chai chini. Akasema, "Irudishe nyuma."

Nikamwambia, "Umesikia alivyosema mwishoni."

"Nimesikia. Nitumie kwenye simu yangu. Alhamisi Waziri anarudi kamatini."

"Baba, amesema isisikilizwe."

"Shemeji hajui ninayoyapitia."

"Na wewe hujui anayoyapitia yeye."

"Ndiyo maana nataka watu wajue!" akasema, na hapo, Mama Mkubwa, alikuwa anasema kweli.

Mama mkwe akadakia, "Mke gani anamwacha mumewe atukanwe mtaani, na dawa iko kwenye simu yake?"

Mume wangu hajaninyang'anya simu, si mtu wa hivyo. Anasema ataikata ile sehemu ya mwisho, kana kwamba sauti ya mtu inakaa mwishoni tu. Ila kila asubuhi anaiweka simu yake mezani kando ya yangu, kama mtu aliyeleta sahani anasubiri kupakuliwa, kisha anakwenda kuoga.

Nikiupeleka, mdogo wangu atajulikana siku hiyo hiyo. Watamtoa kwenye zahanati, au watamfanyia zaidi ya hapo, na ana watoto. Tena wako wabunge wanaosubiri neno moja tu waseme misaada yote isimamishwe, na hapo hata kile kidogo kinachofika kitakatika. Nisipoupeleka, Waziri atarudia yale yale, mume wangu atakaa kimya, na wanawake wa ng'ambo wataendelea kuzalishwa kwa glavu za kufua huku mimi ninajua. Juzi nilikaribia kuufuta kimyakimya niseme simu imeharibika. Mdogo wangu hajui kama nilimsikilizisha mtu, kila akiandika namjibu habari za watoto na mvua. Niupeleke au niufute? Jana nililala saa saba kasoro robo, na leo sioni dalili ya kulala mapema.

Mimi, Mke wa Futa Kauli

*

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Mwanangu, Alhamisi yako haisubiri gazeti, kwa hiyo nilikupigia simu barua yako ilipofika. Haya ndiyo niliyokuambia, na kwa ruhusa yako na ya mdogo wako nayaweka hapa, baada ya kubadilisha yanayoweza kumtambulisha, maana si wewe peke yako mwenye simu iliyojaa siri za ndugu.

Pole kwanza. Kumchekesha mume aliyenuna si dhambi, na povu mikononi ni ajali. Mpaka hapo sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu unaanzia Jumamosi. Siku zote hizi umemwonea huruma mdogo wako bila kumpigia! Unaniuliza upeleke au ufute, kana kwamba ujumbe ni wako. Wewe na mumeo, na mama mkwe juu yake, mnaigombania sauti ya mtu mzima aliye hai kama ndugu wanaogawana vitu vya marehemu. Mwenyewe yupo. Ana simu. Ana akili kuliko sisi wote, maana yeye ndiye anayeijua kambi. Unamjibu habari za mvua?

Sasa mumeo, na maneno haya umfikishie. Mheshimiwa, nakuheshimu. Uliposimama ulisema kweli, na umeumizwa kwa kusema kweli, na hilo linauma zaidi ya kuumbuliwa kwa uongo. Lakini jiulize ukiwa peke yako bafuni: Alhamisi unakwenda kuwatafutia glavu wale wanawake, au unakwenda kujisafisha na lile jina la mtaani? Kama ni yote mawili, sawa, wewe ni binadamu. Ila la pili usililipie kwa shingo ya shemeji yako. Mbunge ana meno yake mwenyewe. Kamati inaweza kumwita ofisa aliyesaini kukabidhi mzigo, inaweza kudai karatasi za ghala, inaweza kumsikiliza shahidi milango ikiwa imefungwa na redio imezimwa. Kwa nini utafune kwa meno ya mkunga aliyeko kambini?

Na hao wanaosubiri neno moja wasimamishe misaada, wawahi wewe. Kuuliza mzigo umeishia mikononi mwa nani si kuukata. Liseme hilo mwanzo kabisa, kwa mdomo wako, kabla hujauliza lolote, ili asitokee mtu akakugeuzia maneno.

Mwanangu, nakurudia wewe. Leo hii, kabla hujakaa kwenye cherehani, mpigie mdogo wako. Anza na kukiri kwamba ulimsikilizisha nani na nani. Usichanganye kukiri na kuomba ruhusa kwa pumzi moja, hiyo ni kumtega. Akasirike, mwache akasirike, anastahili. Akitulia ndipo umweleze anachotaka shemeji yake, na jibu atakalotoa liwe mwisho. Akikataa, ufute ujumbe mbele ya mumeo akiona, si jikoni kwa siri na hadithi ya simu mbovu. Ukimdanganya mbunge wako kuhusu ushahidi, utakuwa na tofauti gani na huyo Waziri?

Na mama mkwe umwombe kwa heshima, umpikie anachokipenda, umwambie habari hii isitoke nje ya mlango. Dawa iliyoko kwenye simu ikianza kutembea midomoni inageuka sumu.

Simu ya mume iliyoko mezani, mpelekee chumbani mwenyewe. Sahani haisubiri chakula ambacho hakijapikwa.

*

Mwandishi wa barua alituletea mistari ifuatayo baadaye, akaruhusu tuichape baada ya kubadilisha mambo machache.

Alhamisi, tarehe 12. Asubuhi jua, upepo kidogo.

Nilimpigia Jumanne. Nikakiri kwamba sikuisikiliza peke yangu. Kisha akauliza, "Na mama mkwe alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi ni sawa na kutangaza redioni," akasema, na hakuwa anatania. Aliniambia maneno mengine ambayo sitayaandika, yalikuwa haki yake. Baadaye akanipigia mwenyewe. Sauti akakataa, yote, hata kipande. "Lakini mwambie shemeji aje. Asije na Waziri wala kamera. Waje wachache, wakae foleni yetu, wakiulizwa wa wapi waseme ng'ambo. Hapo hanihitaji mimi."

Nikaufuta mezani, mume wangu akitazama. Akachukua simu yake akaiweka mfukoni.

Leo tulisikiliza kibandani. Mwenyekiti akamwuliza, "Mheshimiwa, safari hii umekuja na ushahidi?" Watu wakacheka. Akajibu, "Sina, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nina ombi. Mzigo usisimame hata siku moja, na kamati iende ikaone yenyewe unavyogawiwa, bila kumjulisha anayegawa." Kicheko kikakatika. Waziri akasema safari kama hizo zinaharibu uhusiano na marafiki. Mbunge mmoja mama, wa chama cha Waziri mwenyewe, akasema rafiki wa kweli haogopi mgeni. Wakavutana mpaka muda ukaisha. Mwenyekiti akasema uamuzi atautoa kesho.

Jioni mume wangu akala, akaongeza. Akasema, "Nimeambiwa nije kesho," kisha akasikia alichokisema, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mama mkwe akauliza kuna nini, tukamwambia hakuna kitu, mama.

Nikamwandikia mdogo wangu: Shemeji yako naye ameolewa na kesho. Akajibu: Mwambie karibu kwenye ukoo. Ila kesho yake yeye ina saa, asichelewe.

Nimempigia mume wangu pasi suti ya kijivu. Viatu ameviweka mwenyewe karibu na mlango. Naenda kulala, ni saa nne kasoro dakika kumi.