Sitatangulia Peke Yangu

Bungulu, Beni
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama vile ningekuwa mbele yako jikoni na wewe ukinifuta majivu usoni. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya asubuhi ya Bulengera bado inaliuma? Na Papa, kikohozi kimempunguka? Hapa Beni joto linatuchoma mpaka naitamani ile baridi tuliyokuwa tukiilalamikia. Sisi ni wazima, Mungu asifiwe. Kambale, mkwe wako, ameketi karibu yangu anapepea mbabula, jiko letu la makaa, maana leo amekataa nisipike, niandike tu. Jirani mmoja amepita akaona mwanaume na sufuria ya maharagwe, akapiga kelele barabarani: "Bibi harusi, umemuloga huyu mwalimu!" Kambale akamjibu: "Ndiyo, na sitaki kupona." Mama, ningewezaje nisimpende mtu kama huyu?

Lakini unajua kwa nini nakuandikia. Juma lililopita ulinipigia simu ukasema: "Kavira, kuya nyumbani. Kuya hata peke yako. Batu bacheke kama banataka kucheka." Simu ikakatika, nawe ukadhani ni rezo, yaani mtandao. Hapana, Mama. Ni mimi niliyezima simu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka usikie. Sasa binamu Kasereka anapanda kuja huko kwenu Butembo na lori la ndizi, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Najua uzito wa neno ulilolisema. Kwetu bibi harusi anarudi kwa wazazi mara ya kwanza akiwa na mume wake, na kuku mkononi, na shangazi wanampokea mlangoni kwa vigelegele. Akionekana peke yake na begi, hakuna anayemuuliza kitu. Mtaa mzima unajua ndoa imekufa. Wewe uliyenifundisha hayo ndiye uliyeniambia nije peke yangu. Hapo nilielewa jinsi unavyoogopa vita vya huku, na sikucheka hofu yako. Sikufichi, hata sisi tunaogopa. Kuna siku Kambale anachelewa kutoka shuleni, nami nasimama mlangoni mpaka nione shati lake.

Acha kwanza nikueleze maisha yetu, ndipo nikujibu. Kila jioni, nikichagua mchele au maharagwe, Kambale ananifundisha misemo ya Kiingereza, ile ambayo vitabu vya shule havikutuambia. Mama, Waingereza wanafunga maneno yao kama wewe unavyofunga samaki kwenye majani: usipofungua hujui kilichomo. Mvua ikipiga mabati yetu kwa nguvu, wao wanasema inanyesha paka na mbwa, na maana yake ni mvua kubwa tu, hakuna mnyama anayeanguka. Mtu ambaye hawezi kuficha mapenzi yake wanasema amevaa moyo wake kwenye mkono wa shati. Kambale anasema huyo ndiye mimi. Nikimwuliza tutafanya nini mwakani, tutapanga wapi, mtoto wetu atazaliwa hospitali gani, ananijibu kwamba tutavuka daraja hilo tukilifikia, maana yake tusijisumbue na jambo kabla halijaja. Nakusikia tayari ukisema: "Na kama daraja limevunjika?" Nimemwambia hivyohivyo, akacheka akasema, "Kweli wewe ni mtoto wa mama yako."

Jioni moja alinifundisha msemo mwingine, lakini kwa sauti ya chini. Mgonjwa akiwa bado hajapona, au jambo likiwa bado na hatari, Waingereza wanasema hatujatoka msituni bado. Akaniambia: "Huu sifundishi shuleni. Nilijaribu siku moja, wanafunzi wote wakageuza macho dirishani." Unajua msitu ni nini kwa watoto wa hapa: ndiko wanakotoka wanaoua.

Sasa sikiliza. Kuna daktari mgeni wa upasuaji anayesema Kiingereza tu, na siku ya Jumamosi Kambale anaitwa hospitalini kumtafsiria. Jumamosi moja nilimsindikiza, na walikuwa na mgonjwa mwanamke, Ester, aliyeletwa kutoka mashambani na jeraha la tumbo. Alikataa mwanaume yeyote asisimame karibu akifunguliwa kidonda. Kambale akasema, "Mke wangu anasikia Kiingereza kidogo, aingie yeye." Basi wakapanga hivi: mimi ndani ya rido, lile pazia la kuzungushia kitanda, pamoja na daktari na Ester, Kambale nje ya rido, ili nikishindwa anisaidie kwa sauti.

Kosa langu ni moja, Mama. Sikufikiri nimevaa nini. Tulikuwa tumevaa kile kikwembe, kitenge cha harusi ulichotununulia kwa yaya Masika, mimi sketi na blauzi, Kambale shati. Ester aliona miguu na shati chini na pembeni mwa rido, kisha akanitazama.

"Ule inje ni bwana yako?"

"Ni yeye."

"Ee Mungu, munafanana kama rido na kitambaa ya meza!" Akacheka, halafu akashika tumbo, maana kicheko kilimuuma. Alipotulia akauliza, "Ndoa ni ya juzi?"

"Ya juzi."

"Yangu pia."

Nilitamani kuvua kile kikwembe palepale. Aliniambia polepole, daktari akimbadilishia bandeji. Walikuwa wawili shambani, wanavuna kakao, wakasikia masasi ya bunduki yanalia karibu. "Bwana yangu akaniambia: 'Tangulia, nitakufuata.' Nikatangulia. Risasi ikanikuta mu njia. Batu bakanibeba mpaka barabarani. Yeye hajatoka." Na tangu siku hiyo, Mama, hakuna aliyemwona mumewe, mzima wala maiti.

Daktari alipomaliza alisema kitu kwa upole, akimtazama Ester. Nilikisikia mara moja, kabla Kambale hajafungua mdomo. Ni ule msemo. Hatujatoka msituni bado. Nje ya rido Kambale hakutafsiri, aliniachia mimi. Ester akaniangalia: "Anasema nini?"

Nikasema: "Anasema hatari haijaisha, lakini unaendelea vizuri, na hawatakuacha."

Sikuweka msitu ndani. Yeye msitu wake anaujua, haukuhitaji kutoka kinywani mwangu. Ester akafunga macho, akasema, "Bon, ni muzuri." Nje nikasikia mume wangu anashusha pumzi. Mama, sijawahi kumpenda kama dakika ile, na tulikuwa hatuonani.

Tangu hapo naenda kila daktari anapobadilisha bandeji; mimi namsaidia kuifungua, Kambale anakaa nje ya rido. Ndipo ukapiga simu. Nilipomweleza Kambale, hakubishana hata kidogo. Alinishika mikono akasema: "Mama ako na haki, mupenzi. Mimi siwezi kuacha wanafunzi katikati ya mwaka. Lakini wewe tangulia, nitakufuata." Nilikubali, Mama. Kweli nilikubali. Nilikunja nguo zangu, na kesho yake nikaenda kumuaga Ester.

"Nimekuja kukuaga. Mama ananiita Butembo."

"Na bwana yako?"

"Anabaki na kazi. Amesema nitangulie, atanifuata."

Nilisikia neno likitoka kinywani mwangu na tayari lilikuwa limefika. Ester hakulia. Aliugeukia ukuta, akauliza, "Nani alimufundisha ile maneno?"

Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Mama yako ako na haki ya kuogopa," akasema, bado akitazama ukuta. "Hata mama yangu alinikatazaka kwenda kule shamba. Lakini kama munaenda, muende wawili. Kama munabaki, mubaki wawili. Ile ya kutangulia, mi hapana taka kuisikia tena."

Kambale alikuwa nje ya rido, alisikia yote. Njiani motari, wale wa pikipiki za abiria, walitupigia honi, tukatembea tu kwa miguu mpaka nyumbani. Tulipofika mlangoni akasema, "Nimefundisha watu misemo mingi, Kavira. Huo wangu nisamehe, usahau." Akachukua begi langu, akazirudisha nguo moja moja mahali pake. Alizipanga vibaya, sketi pamoja na mashuka, nami nimeziacha hivyohivyo.

Basi jibu langu ni hili, Mama. Sitatangulia peke yangu. Si kwa sababu ya maneno ya watu wa mtaa wetu, hao wacheke. Na si kwa sababu nimesahau kwamba ulinibeba mgongoni wakati wa kukimbia kwetu kwa zamani, mimi nikiwa mdogo. Nakumbuka shingo yako. Ila na mimi sasa nina mtu ambaye sitaki kumwacha nyuma yangu barabarani. Shule ikifunga tutapanda wawili, tukiwa na kuku kama inavyotakiwa, na mimi nimevaa kile kikwembe, hata kama tutafanana na rido na meza. Lakini ikiwa moyo wako hauwezi kungoja mpaka wakati huo, ongea na Kambale mwenyewe, umwite na yeye. Ameniahidi mbele ya sufuria hii ya maharagwe kwamba ukimwita ataomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na tutakuja pamoja siku hiyohiyo. Tuite wote, Mama. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Nisalimie Papa, mwambie asikae nje jioni bila koti. Nisalimie dada yangu mkubwa, yaya Masika, na vikwembe vyake vya sokoni. Mwambie kimoja kimesafiri na kufanya kazi asiyoijua. Nisalimie bibi yetu, koko aliyenipa baraka ya mwisho siku ya harusi, na mdogo wangu Mbusa, asome Kiingereza kwa bidii, shemeji yake atamwuliza juu ya paka na mbwa.

Ester bado yuko hospitalini. Jana alikaa kitandani kwa mara ya kwanza, uso akiuelekeza mlangoni. Mume wake hajaonekana. Kila ninapoingia ananiuliza jambo moja kabla ya salamu: "Unakuya naye?" Kambale anakohoa nje ya rido, ili asikie kwamba yupo. Ndipo Ester anaunyoosha mkono wake, nami naanza kumfungua bandeji.

Mtoto wako, mwenye moyo wake kwenye mkono wa nguo,

Kavira, mke wa Kambale