Vigelegele vya Jumamosi

Germantown, Maryland

Dada Nafula mpendwa,

Natumaini uko salama, na goti la Mama limepata nafuu tangu mvua ziishe. Sisi huku tunapumua. Bado nawahudumia wazee, na baridi imeshaanza kutuuma masikio.

Nakuandikia kuhusu Wekesa wangu, maana kwa simu nitalia tu. Unakumbuka alivyocheza futiboli ya Kimarekani chuoni, ile ya kubeba mpira mikononi na kugongana vichwa wakiwa na kofia ngumu. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa tukienda uwanjani na chupa zetu za chai, mchezo wenyewe hatuuelewi. Tulidhani anayemgonga mwenzake kwa nguvu ndiye amefunga. Basi kila Wekesa alipomgonga mtu tulipiga vigelegele, naye akiinuka anatupungia mkono.

Sasa ni kocha msaidizi palepale, na wakubwa wanataka kumpa timu yote mwaka ujao. Nilijivuna sana, dada. Lakini siku hizi ananipigia simu akiwa nje ya nyumba yetu, ananiuliza mlango ni upi. Mwanzoni nilimtania, kwa kuwa nyumba za huku zimefanana zote. Sasa sitanii tena. Wazee ninaowaosha, wale waliopoteza kumbukumbu, walianza hivyo hivyo, ila huyu wangu bado kijana.

Jumamosi mimi na akina mama wa kanisa tulienda kumwona akifundisha. Mchezaji wake mmoja akamwangusha mpinzani, nasi kwa mazoea tukapiga vigelegele. Wekesa akatupa makaratasi yake, akaingia uwanjani mbio, kichwa wazi, moja kwa moja walipokuwa wakigongana. Refa akapuliza filimbi. Kocha mwenzake akamrudisha amemshika kiuno.

Kwenye gari nikamuuliza imekuwaje.

"Nilisikia mkini-cheer, Mum," akasema. "Nikadhani ni turn yangu."

Nikamsihi twende kwa daktari.

"After season. Wakijua, hawatanipa hiyo job."

Naogopa, dada. Simu ikilia naogopa, isipolia naogopa zaidi. Disemba namleta nyumbani, labda wewe mama yake mkubwa atakusikia.

Nisalimie Mama, shemeji mwalimu, na binti yetu fundi wa nguo. Na jambo moja tafadhali. Najua akina mama wa boma watajipanga langoni kutupokea. Waambie wamshike mkono tu, wamwingize ndani polepole. Vigelegele wasipige.

Mdogo wako anayekuwaza,
Nasimiyu