Kilo Arobaini na Tatu

Mpitimbi,
12 Januari 2025

Yasinta mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo, wewe na mume wako na watoto. Mimi mzima, ila mguu unauma kwa baridi ya mvua hizi. Naandika kwa sababu simu ya jirani yangu Walburga siitaki tena. Ukiongea kwenye simu yake, kijiji kizima kinajua kabla hujakata.

Baada ya salamu, nina hasira na nitaisema. Siku ya kipaimara cha mtoto wa Walburga nilikuona unashuka kwenye gari nikadhani ni mtu mwingine. Tangu Pasaka hatujaonana, halafu unaniletea mifupa ya shingo. Lile gauni ulilolishona mwenyewe, fundi mzima, linapwaya kama limetundikwa kwenye msumari. Wanawake wa Jumuiya walishindwa kula pilau kwa kukutazama. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama umepima. Unajua ana maana gani. Nikamjibu mwanangu hana ugonjwa, mwanangu halishwi.

Mwambie Otto kwamba sisi tulimpa msichana mwenye mashavu. Baba yako mdogo Yohanes atakuja kumuuliza vizuri. Kwa sasa napakia ndoo ya karanga, maharage, trei ya mayai na jogoo mmoja. Nitakuwa natuma kila Alhamisi kwa gari la huku. Wewe kula tu, maelezo sitaki.

Mama yako


Msamala, Songea,
26 Januari 2025

Mama mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Sisi wazima, Emanuel amefungua shule. Pole na mguu, upake mafuta niliyokuletea. Vitu vimefika, hata yai moja halikupasuka.

Hasira hata mimi ninayo. Mwaka jana baada ya Pasaka nilizimia nikiwa kwenye cherehani, sikukuambia. Presha ilikuwa mia moja na themanini. Kliniki wakanipima: kilo tisini na moja, urefu sentimita mia moja hamsini na nane. Nesi akachukua kikokotoo, akagawanya uzito kwa urefu wa mita, jibu akaligawanya tena kwa urefu uleule. Ikaja thelathini na sita. Mtu mzima mwenye afya, akasema, awe kati ya kumi na nane na nusu na ishirini na tano. Kwa kimo changu ni kama kilo arobaini na sita mpaka sitini na mbili. Akasema ni makadirio, mjamzito hapimwi hivi, na mbeba mizigo mwenye misuli anaweza kuonekana amezidi kumbe mzima. Ndiyo maana akanizungushia na utepe, huu huu wetu wa mafundi. Kiuno kinatakiwa kisifike nusu ya urefu wako. Changu kilipita kwa shubiri nzima.

Nilipokuwa na tisini na moja, nikienda kanisani nahema mdomo wazi, hakuna aliyeuliza kama nimepima. Walisema Otto anajua kutunza. Nimefuata masharti yao, sasa nina sabini na sita, na kwa kipimo kilekile bado nimezidi, Mama, lakini watu wananililia kama msiba. Juzi Otto kaambiwa kilabuni kwamba ninamwaibisha, akarudi na chipsi kuku, akataka nile mbele yake. Mwili wangu umekuwa wa kupimia uanaume wa mtu mwingine, nimechoka.

Usitume tena chakula. Na Baba mdogo asijisumbue.

Mwanao,
Yasinta


Mpitimbi,
23 Februari 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mnaendeleaje huko? Huku mvua ni nzuri, palizi ya pili nimeimaliza peke yangu.

Barua yako nilimsomea baba yako mdogo. Amesema tangu azaliwe hajasikia mtu anagawanywa kwa urefu wake. Mimi nilikulea bila kikokotoo. Nilikuwa nakushika mkono hapo juu ya kiwiko, nikikuta nyama najua mwanangu mzima. Leo nesi ambaye hakukubeba anakuambia nyama ni makosa, na wewe unashukuru.

Kama kupungua ndiyo sifa, basi zawadi ileteni Mpitimbi. Juzi nilipita ghalani, George karani akanipandisha kwa utani kwenye mizani ya magunia. Arobaini na tatu. Akasema, "Mama, wewe hata nusu gunia hufiki." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Siku hizi khanga inanizunguka mara mbili. Ni uzee, lakini kwa hesabu za nesi wako naona nimefaulu kukushinda.

Natuma karanga, mayai, na dagaa wa Nyasa niliopewa. Usinigombeze, kula.

Mama yako


Msamala,
2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Leo nisamehe, siulizi habari za mguu, nauliza habari za tumbo.

Nimekushonea nguo miaka ishirini, urefu wako ninao kwenye daftari: mia moja na sitini. Nimegawanya arobaini na tatu mara mbili kama nilivyofundishwa. Imekuja kumi na sita na nukta nane. Hujafaulu, Mama. Kipimo kina mwisho huku na huku, na aliyepita chini yuko hatarini kama aliyepita juu. Wewe kwa kimo chako usipungue arobaini na nane. Nani kakudanganya kwamba uzee unakula kilo? Na wale wanawake wa Jumuiya waliohesabu mifupa ya shingo yangu, ya kwako wewe unayekaa nao kila Jumamosi hawaioni?

Kuna jambo nimelificha kwa kukuheshimu. Vyakula vyako nakula kidogo sana. Vingine vyote nampa jirani yangu Mwanaisha na wanawe. Nilidhani unatuma kinachozidi.

Jana ulikula nini? Niandikie ya jana tu, asubuhi na jioni.

Mwanao,
Yasinta


Msamala,
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu hukujibu, ndiyo maana nilikuja kukuchukua mwenyewe. Yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyasome kwa mwandiko wangu, maana nyumbani kwangu ulikataa kuyasikia.

Ulivua viatu ukapanda mizani ya hospitali. Arobaini na moja. Wakapima damu, sukari, kifua, wakapiga picha. Siku tatu nilijiandaa kusikia jina la ugonjwa, nikawaza nitakuuguza vipi. Daktari akafunga faili, akasema, "Huyu mama hana ugonjwa. Ana njaa." Alisema kwa upole, wala hakukudharau. Mimi nilitamani angetukana, ningepata wa kugombana naye.

Walburga ameniambia yote. Tangu Januari unakula ugali na likolo, majani matupu, mara moja kwa siku, na mboga zenyewe huziweki hata karanga, kwa sababu karanga ni za Yasinta. Mayai ya Yasinta. Dagaa wa Yasinta. Miezi ileile ambayo vihenge vya mahindi vimekauka na kila mtu anasubiri mavuno, wewe unafungasha ndoo. Na mimi nilikuwa namgawia Mwanaisha, nikijiona mwema.

Nimekukasirikia mpaka cherehani leo sijaigusa. Nimejikasirikia zaidi, maana nilijua kujipima mwenyewe tu. Halafu Jumanne nikiwa sokoni ukaondoka, wajukuu hukuwaaga.

Nijibu, Mama.

Mwanao,
Yasinta


Mpitimbi,
20 Aprili 2025, Pasaka

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Wasalimie wajukuu, waambie bibi anaomba radhi. Msalimie na Otto, baba yako mdogo hatakuja.

Sikuondoka kwa hasira. Niliona aibu. Mtu mwenye shamba lake, aliyelea watoto, kuambiwa ana njaa mbele ya binti yake.

Sasa nisikilize na wewe. Leticia humkumbuki, ulikuwa na miaka minne. Mdogo wako alianza kukonda mwezi wa pili, miezi hiyohiyo ya vihenge vitupu. Nikauliza wakubwa. Wakaniambia ni kawaida, watoto hupungua wakati wa mvua, mavunoni wananenepa. Mavuno hakuyaona. Miaka thelathini na nne nina hasira na lile neno kawaida, na waliosema walishakufa, sina wa kumkaripia. Uliposhuka kwenye gari ukapwaya ndani ya gauni, nilimwona yeye. Halafu unaniandikia kwamba ni kawaida, nesi kasema. Ningekutumia hata shamba lenyewe.

Hesabu yako nimemwonyesha mwalimu, amesema ni sahihi. Wewe endelea na kliniki yako. Mimi nimekubali kurudi kupimwa mwezi wa sita, uje unichukue.

Jana nilikaanga mayai mawili. Nilipasua la kwanza, la pili nikalirudisha kwenye trei, nikalichukua tena. Niliyala yote mawili nimesimama jikoni, mlango nimeufunga, kama mtu aliyeiba.

Mama yako