Marundo ya Majani Chini ya Mikorosho ya Mama Mdogo

Alhamisi, Oktoba 2008. Nachingwea.

Joto limeamka kabla ya watu leo. Anga ni moshi mtupu, kila upande watu wanachoma mashamba wakisubiri mvua za kwanza. Mimi ndiye ninayelipwa kuwaambia wasichome.

Sijalala vizuri tangu Jumamosi. Naandika hapa kwa sababu pale nilipotakiwa kusema, nilinyamaza.

Mradi wetu unafundisha kutumia taka za shambani: majani, maganda ya mihogo, samadi. Badala ya kuzichoma unazirundika zioze ziwe mboji, udongo unapata nguvu, na moshi hauendi kuongeza joto la dunia. Semina niliielewa, hata cheti nikapewa. Mtu wa kwanza niliyemfundisha alikuwa mama mdogo Somoe, mdogo wake marehemu mama, kule Mbekenyera. Nilihitaji shamba la mfano, na nilijua yeye hatanikatalia.

Alitaka kukataa. Kila kiangazi yeye hufagia majani mbali na mikorosho na kuyachoma mapema, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Aliniuliza, "Mwanangu, hili jua tumelipasha sisi, kwa majani ya mikorosho?" Nilicheka, nikamtolea somo la nusu saa. Nilikuwa na maneno mengi siku hizo.

Semina ilisema rundo likae mbali na mti, tena limwagiwe maji. Maji! Kiangazi kijijini kwetu maji ya kunywa yenyewe yanafuatwa kwa baiskeli. Na magoti ya mama mdogo ni mabovu, asingeweza kubeba majani mpaka pembeni mwa shamba. Basi nikamwambia arundike palepale chini ya miti, kumwagilia tuiachie mvua. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote. Nililitunga mimi.

Marundo yakakaa makavu kama kuni. Panya wakahamia, maana maganda ya mihogo ndiyo chakula chao na majani ndiyo kitanda. Huku kwetu panya wa shambani ni kitoweo kizuri tu. Mwindaji akiona njia zao huwasha moto upande mmoja, akawasubiri upande wa pili na rungu. Athumani, jirani yake mama mdogo, alifanya hivyohivyo mchana mmoja, upepo ukivuma. Hakuwa na nia mbaya. Miaka yote chini ya mikorosho ile pamekuwa peupe, moto ungefika pale ukafa wenyewe.

Mikorosho kumi na moja iliungua, pamoja na maua yake yote. Nilipofika magome yalikuwa bado yanatoka utomvu. Ule moshi tuliouzuia kiangazi kizima ulitoka mchana mmoja, na wa miti juu yake.

Jumamosi tukaitwa ofisi ya kijiji. Athumani alisimama, akakiri kuwasha moto. Mwenyekiti akauliza, na hayo majani aliyaweka nani chini ya miti? Mimi nilikuwa benchi la mbele, nimevaa fulana ya mradi. Mama mdogo alinitazama mara moja tu, akageuka. "Ni mimi," akasema. "Uvivu wangu wa kufagia."

Nikamwacha aseme.

Anajua mshahara wangu ndio unaomsomesha binti yake, Zuhura. Sidhani kama alijua atalipa gharama gani. Wapwa wa marehemu mumewe walikuwapo, na tangu mazishi wanalimezea mate shamba lile, wakidai kwa desturi mali ya mjomba ni yao. Mpaka siku ile hawakuwa na pa kuanzia. Waliposikia neno uvivu wakarukia: shamba limemshinda, miti iliyobaki tuitunze sisi. Wazee wakakubaliana nao. Karatasi ya kuwakabidhi shamba inaandikwa Ijumaa asubuhi, na mama mdogo ataweka dole gumba.

Mwanamke aliyefagia chini ya mikorosho ile miaka ishirini na zaidi ameandikiwa uvivu.

Ningesema sentensi moja tu, wapwa wale wangekosa hoja. Niliogopa nini? Kazi, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa kuchekwa, mimi niliyezunguka vijiji vyote hivi nikiitwa mtaalamu. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeogopa kwa ajili ya ada ya Zuhura peke yake, labda ningejisamehe.

Na mboji yenyewe haina kosa, nataka hilo lieleweke. Wapo niliowafundisha walio na maji karibu, na bustani zao zinapendeza. Kosa ni langu mimi niliyeona aibu kusema "sijui" mbele ya mama mdogo.

Leo nimetoka nyumbani nikiwa nimeaga kwamba nakwenda Mbekenyera kusema ukweli. Gari la asubuhi la kwenda Ruangwa, ndiyo njia ya Mbekenyera, liliita abiria mbele yangu, nikajiambia kwanza ninywe chai. Nikaingia humu kwenye chumba cha intaneti, mkabala na stendi, eti nipange maneno nitakayosema. La saa nane mchana ndilo la mwisho; la kesho litafika karatasi imeshatiwa dole. Nalisikia linapiga honi hapo nje, kondakta anaita, "Mmoja! Bado mmoja tu!"

Nami naandika bado, natafuta sentensi nzuri ya kumalizia.

Limeondoka. Kesho ni Ijumaa.