Mashine Iliyobisha Hodi Nsemulwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mpanda, Mkoa wa Rukwa
Tarehe 15 Novemba 1999, saa saba na nusu mchana

Jina: Leodgar Sixte Nsokolo. Umri: miaka 29. Kabila: Mfipa. Dini: Mkristo. Elimu: darasa la nne. Kazi: kuonyesha video, na lolote linalokuja. Makazi: Nsemulwa.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Nimeonywa nisitanie. Nimekubali.

Nina banda la video Nsemulwa, la mabati, lina mabenchi sita na jenereta. Mwezi wa sita mwaka huu nilinunua mashine kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Ni mashine ya kurekodi picha ila haitumii kanda. Ndani ina diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka, na picha zinakaa humo. Mzungu alinipa masharti matatu: isipate joto, isitikiswe, isizimwe ghafla. Sasa afande, banda ni la bati, televisheni ikizingua mimi naipigaga kofi, na jenereta inazima mafuta yakiisha. Masharti yote yalivunjika wiki ya kwanza.

Mnamo tarehe 22 Agosti 1999 nilipiga kwa kamera mazoezi ya kwaya ya Jean-Marie Ndayizeye. Huyu alikuwa mwalimu wa kwaya na jirani yangu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Picha nikazihamishia kwenye diski. Kanda nilikuwa nayo moja, nikairekodia harusi huko Litapunga. Kwa hiyo Jean-Marie akabaki kwenye diski peke yake. Sikuona shida, mzungu alisema diski haichakai kama kanda.

Tarehe 3 Oktoba Jean-Marie alifariki. Aliugua tumbo siku nne tu. Baada ya arobaini, mke wake Ernestine, tunamwita Mama Lidia, alinifuata bandani. Akasema, "Leodgar, mdogo wangu, naomba nimsikie mara moja tu, ndugu zake wakiwepo." Nikamwambia aje nao Jumapili.

Jumapili tarehe 14 Novemba, saa tisa alasiri, watu kama arobaini walikuwa bandani. Mama Lidia alikaa benchi la mbele. Nyuma yake alikaa shemeji yake mkubwa, mzee Onesphore, aliyetoka Katumba na wenzake. Jua lilikuwa kali, bati linalia.

Nikawasha. Mashine ikaanza kugonga kwa ndani. Tak, tak, tak. Inanyamaza, halafu tak, tak, tak. Haikuwahi kugonga namna ile. Picha ikachelewa, kioo cheusi tu, watu wamekaa kimya kama kanisani. Mimi kimya sikiwezi. Nikasema, "Subirini, Jean-Marie hajafa, nimemfungia humu, anabisha hodi."

Hayo maneno niliyasema mimi. Hakuna aliyecheka.

Picha ikatoka. Jean-Marie amesimama mbele ya kwaya, shati jeupe, anaimbisha. Akaimbisha kama dakika mbili, vizuri kabisa. Mama Lidia alijifunika mdomo na kitenge. Halafu picha ikakwama. Uso ukakatika vipande vya mraba, shavu likahamia shingoni, macho yakabaki mahali pake. Mkono wake wa kulia ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama anaita mtu. Sauti ikabaki kipande kidogo tu cha pumzi, kinajirudia. Mama mmoja akasema, "Anamwita mke wake." Kweli, ukiangalia, mkono ulielekea benchi la mbele.

Nikapiga mashine kofi. Picha ikaruka. Jean-Marie akawa amegeuka anatutazama sisi, na siku ile ya mazoezi mimi sikumbuki kama aligeuka. Nikachomoa waya. Kioo kikazima. Mashine ikagonga mara moja tena, waya ukiwa mkononi mwangu.

Najua diski haisimami papo hapo, inazunguka kidogo kwanza. Najua. Lakini niliuangusha ule waya.

Mzee Onesphore akasimama akasema, "Mdogo wangu hakuzikwa. Tumezika mgomba badala yake. Huyu mwanamke amemfanya msukule, ndiyo maana anagonga." Nikasema jamani ni utani, mashine imekufa diski. Kijana mmoja akanijibu, "Wewe si umesema mwenyewe hajafa? Sasa unageuka?"

Saa kumi walimfuata Mama Lidia mpaka kwake wakipiga kelele, "Mtoe mumeo!" Wakarusha mawe juu ya bati. Mimi nilikimbia kuja hapa kituoni. Saa kumi na moja nyie mkaenda mkamchukua, akalala hapa. Bega lake la kushoto lilikuwa linatoka damu.

Leo asubuhi saa nne, mzee Onesphore na watu kama sitini walikuja hapa nje na majembe. Walitaka wapewe ruhusa wakafukue kaburi. Walisema wakikuta mgomba, mwanamke asirudi Nsemulwa akiwa hai. Koplo Ezekia akaniambia nilete mashine niifungue mbele yao, waone kama kuna mtu.

Nikaiweka kwenye meza hapo uani. Nikamwambia Mama Lidia kwa sauti ya chini, "Dada, mzungu alisema ile sahani ikipata vumbi ndiyo basi. Ningeituma Dar kwa fundi, pengine ile sauti ingepona. Nikifungua, humsikii tena."

Akaniuliza, "Na usipofungua?"

Nikatazama majembe.

Akasema, "Fungua."

Skrubu zilikuwa za kichwa cha nyota, nikatumia ncha ya kisu. Mfuniko wa mashine ukatoka, halafu wa kasha la diski. Ndani kulikuwa na sahani moja inang'aa kuliko kioo cha kinyozi, na kamkono kembamba juu yake. Pembeni kuna mkwaruzo, duara jembamba, hapo ndipo palipokuwa panagonga. Nikasema, "Mtu yuko wapi? Njooni mtafute." Nilikusudia wacheke. Sauti ilinitoka vibaya.

Mzee Onesphore akaja wa kwanza. Akainama. Akaruka nyuma akasema, "Ndiye huyu! Yuko humu!"

Kwa kweli wale ndugu walifanana sana, pua na hata upara. Nikamwambia, "Mzee, huyo ni wewe." Akainama tena. Akashika shavu lake, akatazama shavu la kwenye sahani likishikwa. Halafu akaanza kulia. Msibani hakulia, nilikuwepo.

Watu wakapita mmojammoja, kila mtu akajiona mwenyewe akaondoka. Majembe waliyashusha.

Mwisho alikuja Mama Lidia. Koplo akamwuliza, "Unamwona nani humo, mama?"

Akatazama. Akasema, "Namwona mjane."

Niliyoyaona na niliyoyasema mimi ni hayo tu. Maneno ya msukule yalianzia kwenye mdomo wangu, si kwa Mama Lidia. Naomba hilo lisomwe mbele ya watu Nsemulwa, nami nitasimama hapo likisomwa.

Sahihi: L. S. Nsokolo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Diski moja iliyofunguliwa imepokelewa kama kielelezo. Bi. Ernestine amesindikizwa nyumbani saa tisa alasiri. Kabla ya kuondoka aliomba aitazame tena diski. Aliruhusiwa.

Koplo Ezekia M.